Fundi wa cheni wa Kimbo na sauti isiyo na pikipiki

Saa mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Julai haujaondoka juu ya mabati ya Kimbo, Ruiru. Ndinda Kaleli amepiga magoti uani juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Mbele yake pikipiki nyekundu imesimama kwenye stendi bila gurudumu la nyuma. Cheni yake kuukuu imelala ndani ya karai la mafuta taa, imetulia kama kitu kilichozama.

Injini ni baridi. Hakuna kinachozunguka.

"Mama Shiko," sauti ya mwanamume inaita dirishani, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Hiyo kitu inalia."

Ndinda hainui kichwa. "Haina cheni, Baba Shiko. Nimeitoa."

"Najua umeitoa. Bado inalia."

Mwanamume wa dirishani ni mumewe, Gachau. Ana umri wa miaka thelathini na minane. Kitanda chake kimesogezwa hadi kwenye kioo, na kwa miaka miwili sasa dunia inamfikia kwa masikio. Anaweza kusimama kwa magongo na kujikokota hadi bafuni. Lakini hajawahi kutoka nje hadi uani pikipiki hii ikiwapo.

Na leo ni Jumamosi. Jumatatu Ndinda, mwenye miaka thelathini na minne, anatakiwa kuripoti kwenye karakana moja ya Thika inayotunza pikipiki thelathini na mbili za kusambaza mizigo. Itakuwa kazi yake ya kwanza ya mshahara wa mwezi. Sharti ni moja: fundi awe na pikipiki yake, maana ataitwa barabarani waendeshaji wanapokwama. Asipofika nayo, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Nyumbani kwao pikipiki ni hii moja tu. Ndiyo iliyomvunja Gachau nyonga.

"Nimemwambia achukue nyingine yoyote," Gachau anamwambia mwandishi. "Hata akiazima. Lakini si hii. Hii haijamaliza."

Haijamaliza nini, hasemi.

Madereva wa bodaboda wa steji ya Kimbo wanamjua Ndinda kama Daktari wa Cheni. Hafanyi kazi nyingine: anabadilisha cheni na sproketi, yale magurudumu mawili ya meno, dogo la mbele karibu na injini na kubwa la nyuma. Duka hana. Ana ua wa nyumba ya kupanga, spana kumi na moja, nyundo na koleo. Siku nzuri anafunga pikipiki tatu, shilingi mia tatu kila moja, mteja akija na vifaa vyake. Siku mbaya anakaa mlangoni akimsuka binti yake Shiko, wa miaka sita, hadi nywele ziishe.

Chai haijachemka, Eddie, kijana wa boda, anaingiza pikipiki yake getini.

"Niaje, daktari! Mgonjwa amefika, na hana bima."

"Poa. Zima kwanza."

"Asizime!" Gachau anapaza sauti. "Eddie, vuta moto kidogo. Haya, achia." Anasikiliza, kidole kikiwa hewani. "Cheni imelegea vidole vitatu. Na sproketi ya mbele imechongoka kama meno ya panya."

Ndinda anafungua kifuniko cha mbele na kuchungulia. Meno yamechongoka. Eddie anacheka, lakini si sana.

"Huyu buda anasikia mpaka mawazo. Siku hizi nikipita hapa sifikirii kitu."

"Hata zamani hukuwa unafikiria," Gachau anamjibu.

Eddie amenunua cheni peke yake. Anadai meno yatasukuma mwaka. Ndinda anamrudishia pakiti bila kuifungua.

"Lete zote tatu, cheni na sproketi mbili, nitafunga. Meno ya zamani yatakula hii mpya kabla hujaizoea."

"Aki mama, unafukuza kastoma?"

"Nafukuza matanga, Eddie."

Kijana anaisukuma pikipiki yake kwa miguu hadi barabarani. Haiwashi mpaka anapofika mbali na dirisha lile.

Sikio la Gachau halikuwa hivyo tangu mwanzo. Lilizaliwa mtaroni.

Asubuhi moja ya Julai, miaka miwili iliyopita, alikuwa akipeleka kreti za mkate Theta kwa njia ya udongo wa murram inayopita katikati ya mibuni. Ukungu ulikuwa mzito, hata mkono wake mwenyewe ulikuwa kama wa mtu mwingine. Cheni, mpya ya siku nne tu, ilifunguka ikiwa mwendoni, ikajizungusha kwenye gurudumu la nyuma, na pikipiki ikakaza ghafla. Gachau akaruka hadi mtaroni.

"Nililala pale karibu saa nzima," anasimulia. "Sauti ya kuita sikuwa nayo. Nilisikia pikipiki zikipita juu yangu, moja moja. Hawakuniona. Nikaanza kuzijua kwa cheni. Hii imekauka. Hii imekaza sana. Hii ni ya mtu mzito. Ya tisa ndiyo ilisimama."

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Tangu ukungu wa mwaka huu uanze, Gachau anasema, kila asubuhi karibu saa tatu kuna kitu kinachotoka upande wa Theta, kinapita mbele ya geti lao na kwenda zake.

"Tak. Tak-tak. Tak," anaiga, akigonga kucha kwenye fremu ya dirisha. "Injini sisikii. Ni cheni peke yake, kama pikipiki inasukumwa na mtu asiye na haraka."

Ndinda hajawahi kuisikia. Mwanzoni alidhani ni dawa za maumivu. Akina mama wa kanisa walikuja, wakaomba, wakanywa chai, wakaondoka. Kisha wiki iliyopita Shiko alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, akichora nyumba kwa penseli, akasema bila kuinua macho:

"Imepita."

"Nini imepita, mama?" Ndinda akamuuliza.

"Ile ya baba."

"Ngai! Nywele zilinisimama," Ndinda anasema. "Kwa sababu Gachau alikuwa amelala. Hakuna mtu alikuwa ameongea."

Ndinda anasafisha ekseli, mhimili wa gurudumu, kwa kitambaa, anafunga sproketi mpya ya nyuma, meno arobaini na mawili, akikaza bolti nne kwa kukingamisha, huku na kule, ili ikae sawa. Ile ya mbele ya meno kumi na manne tayari iko mahali pake. Anarudisha gurudumu. Anapitisha cheni mpya taratibu, ikitoa harufu ya mafuta ya dukani, hadi ncha zake mbili zikutane juu ya sproketi ya nyuma, ambapo meno yanazishika zisikimbie.

Kilichobaki ni kiungio cha kushikanisha ncha hizo, na juu yake klipu ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Klipu hiyo ina upande uliofungwa na upande wenye mdomo. Upande uliofungwa lazima utangulie kule cheni inakoelekea. Ukiugeuza, jiwe au tawi moja linatosha kuing'oa.

Ndinda anaishika klipu kwenye kiganja, halafu anainuka na kwenda bombani, mbali na dirisha. Anafungua maji yatiririke. Anamwambia mwandishi aliyemfuata, kwa sauti ya chini kabisa.

"Ile ya siku ile, ni mimi niliiweka," anasema. "Yeye alikuwa amembeba Shiko, mtoto ana homa. Akaniambia, una vidole vidogo, sukuma hiyo. Nikasukuma. Sikujua kuna mbele na nyuma."

Gachau alipotoka hospitali, Ndinda alienda kwa fundi mmoja wa hapo Kimbo, mzee Kiama, akaomba kufundishwa. Watu walidhani anatafuta riziki. Alikuwa anatafuta alichokifanya. Wiki ya tatu mzee alimwonyesha jinsi klipu inavyokaa. Aliporudi nyumbani siku hiyo hakuweza kula.

"Miaka miwili nimelala kando yake na hiyo maneno. Sijawahi kumwambia."

Maji yanaendelea kumwagika. Nyuma yake kuna sauti ya mti kugonga saruji. Mara moja. Kimya. Mara ya pili.

Gachau yuko mlangoni kwa magongo yake, amevaa sweta kinyumenyume, jasho limemtoka usoni ingawa ni baridi. Amesikia. Ni nani alidhani asingesikia?

"Mimi ndio nilikwambia, Ndinda," anasema. "Hukumbuki? Uliniuliza, inaangalia wapi? Nikasema, upande uliofungwa uangalie mbele ya pikipiki. Ukafanya vile nilisema."

"Sasa si ndivyo inafaa?"

"Ikiwa juu. Tulikuwa tumeungia kwa chini, unakumbuka, nikiwa nimekaa kwa kreti. Cheni ya juu inaenda mbele. Ya chini inarudi nyuma. Nilikuwa na usingizi, mtoto analia, nikasahau iko chini. Nilijua pale pale mtaroni. Nikaona ukifanya hii kazi kwa bidii, nikasema, huyu amejua ni mimi na ananinyamazia. Nikaogopa kukuuliza."

Karai la mafuta taa linatoa mviringo mmoja katikati, kana kwamba tone limeangukia ndani, lakini mvua hainyeshi.

Shiko anatokea nyuma ya baba yake, akiburuta blanketi.

"Leo imesimama," anasema.

"Wapi?" Ndinda anauliza.

"Kwa gate."

Gachau anatikisa kichwa kukubali. "Hata mimi nimesikia. Imesimama."

Ndinda anafuta mikono kwenye leso. Hatua kumi na mbili hadi getini. Mtu angemwona angedhani ni mia. Anavuta komeo, anafungua.

Nje ni ukungu mtupu, mweupe, uliokaribia hadi kwenye nguzo za geti. Duka la jirani halionekani. Udongo umelowa na umelainika, na juu yake hakuna alama hata ya kuku. Hakuna mtu. Lakini Ndinda anasema alihisi pale mbele yake kuna kitu kinachongoja, vile mgeni hungoja kusikia jina lake.

Mama mwingine angepiga kelele. Yeye alilelewa Matuu, kwenye nyumba ambayo anayesimama mlangoni hasemeshwi vibaya.

"Karibu," anasema. "Tumeshaongea. Ingia au upumzike."

Anaacha geti wazi na kurudi kwenye gunia lake.

Kwa mara ya kwanza tangu ajali, Gachau anaketi kando ya pikipiki hiyo, juu ya mtungi wa plastiki wa maji uliopinduliwa. Inachukua muda, nyonga haikunjiki. Ndinda anaiweka klipu juu ya sproketi ya nyuma, upande uliofungwa ukitangulia, na kuisukuma kwa koleo. Inatoa mlio mdogo. Gachau anaipapasa kwa kidole gumba, huku, kule, tena huku. Ndinda anazungusha gurudumu kwa mkono, na wote watatu wanaitazama klipu ikipanda, ikienda mbele, ikishuka, ikirudi.

"Inalia?" anauliza.

Gachau anafumba macho. Anakaa hivyo hadi Shiko anaanza kucheza na kiatu chake.

"Nasikia cheni mpya," anasema. "Kitu kingine sisikii. Lakini sikuambii kimeenda. Nakwambia tu sikisikii."

Ndinda anapima ulegevu, vidole viwili, anakaza ekseli, anavaa helmeti. Injini inakataa mara mbili na kukubali ya tatu. Anatoka getini polepole na kushika njia ya Theta, ile ile, saa ile ile, na ukungu unamfunika kabla hajabadilisha gia.

Dakika kumi na nne. Gachau amesogezewa mtungi hadi getini, Shiko yuko kwenye paja lake lisilo na jeraha. Mkono wake umeshika ukosi wa mtoto kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Kisha anaulegeza mkono. "Huyo," anamwambia Shiko, wakati macho hayajaona chochote. Ndinda anapotokea kwenye weupe, helmeti ikiwa imelowa, mumewe anajifanya kuangalia tairi.

"Umekaza breki sana kona ya pili," anasema.

"Umesikia hiyo kutoka hapa?"

"Nimesikia ukijiongelesha pia. Ulikuwa unaimba, ama ulikuwa unaomba?"

"Zote."

Jumatatu Ndinda ataondoka saa kumi na mbili, mapambazuko yakianza, pikipiki nyekundu hadi Thika. Lakini mpango wake unaenda mbali kuliko mshahara wa kwanza.

"Pikipiki thelathini na mbili ni nyingi kwa mikono miwili," anasema, akibandua grisi iliyokauka kwenye vidole. "Nikishazoeleka nataka nimwambie mwenye karakana aweke kiti pale mlangoni. Kila pikipiki ikiingia, Baba Shiko aisikize kwanza. Mimi nifungue ile amesema."

"Na mimi nitafikaje Thika?" Gachau anauliza.

Ndinda anagonga kiti cha nyuma kwa kiganja. Mumewe anakitazama kwa muda mrefu, kile kiti cheusi kilichoshonwa upya baada ya mtaro, halafu anatazama barabara, ambapo ukungu umeanza kupasuka na paa la duka la jirani linaonekana nusu.

"Nipe hadi ukungu uishe," anasema.

"Huisha mwezi wa nane."

"Basi mwezi wa tisa. Tuwe na hakika."