Ndege Yenye Alama ya Kidole

Katika duka moja mjini Kisii, nilimwona mama mmoja akimchagulia bintiye ndege ya kuchezea, zile za bei nafuu unazoziunganisha mabawa kisha ukazirusha. Aliminya bawa la povu kwa kidole gumba. Likabonyea.

"Mama, hiyo si ndizi!" mwenye duka alimaka.

"Kama kidole tu kimeiumiza, ikianguka kwa shamba ya chai itabaki nini?"

"Hii utagundisha, itaruka tena. Ile ngumu ya plastiki ikianguka, kwisha."

Mama alicheka, akalipia nyingine isiyo na alama.

Marehemu mke wangu aliminya hivyo ndizi za soko la Nyakoe, nami nikinunua alizobonyeza ili wauzaji wasinune. Nikainunua ile ndege iliyobonyea. Jumapili niliirusha, ikaangukia shamba langu la chai. Niliigundisha, ikaruka.