Beji ya Shabani na Viatu vya Ijumaa

Buguruni niliondoka kwa sababu ya mtoto mchanga. Tangu masika nilikuwa nalala sebuleni kwa binamu yangu, na hakuna aliyenisema vibaya. Lakini mkewe alipojifungua, mama mkwe akaja kumlea mzazi, na mama mkwe huyo ni mtu wa usingizi mwepesi na mizigo mizito. Ijumaa asubuhi, kabla chai haijachemka, nikamkuta ananitazama miguu ilivyozidi ukingo wa kochi. Nikajisemea: Edwini, sebule imepata mwenyewe. Nikafunga begi, nikamshika mtoto unyayo kwa kidole kimoja, nikaaga.

"Unaenda wapi sasa?" binamu akauliza.

"Mbele," nikamjibu.

Ninyi wa Mpwapwa mnanijua. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza maswali sijaacha mpaka leo.

Kutoka Buguruni hadi Ilala nilitembea upande wa kivuli. Mafundi wa magari ndio kwanza walikuwa wanatandika maboksi ya kulalia chini ya gari. Mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga alikuwa anagombana na mkaa usioshika moto, nikamuuliza kwa nini chumvi anaitia mwisho. "Nunua kwanza, somo baadaye," akaniambia. Nilinunua, nikala, nikakumbushia somo langu. Akacheka: "Hata mimi sijui. Mama yangu alifanya hivyo." Nikaendelea na safari nikiwa nimeshiba, na hilo nalo ni jibu.

Mchikichini nilifika wakati belo za mitumba zinakatwa kamba. Ukitaka kuona watu wakifurahi kabla hawajajua wamepata nini, nenda saa hiyo. Katikati ya kelele niliwaona vijana wawili wa skauti, mashati ya kaki, skafu zimekunjwa vizuri shingoni, wanahangaika na turubai kubwa waliloazima kwa muuza mitumba mmoja. Mmoja alikuwa mrefu na mpole; huyo ndiye Shabani. Mwenzake alikuwa mfupi, mdomo haulali. Huyo Leonsi, mtoto wa Mchaga mwenye duka la viatu Kariakoo.

"Mambo vipi?" nikawasalimu.

"Poa, braza," Leonsi akajibu. "Una kazi?"

"Sina."

"Basi unayo. Shika huku."

Nikashika. Begi mgongoni, turubai begani, tukaifuata njia ya Kariakoo watatu kwa mstari, Leonsi mbele anapiga kelele: "Mzigo! Mzigo huo!"

"Mnaenda kupiga kambi?" nikauliza.

"Msikitini," Shabani akasema.

"Na huyu Leonsi?"

"Leo ni zamu yake. Pasaka mimi nilikuwa zamu kanisani kwao, nazuia watoto wasichezee mishumaa. Kuna mtoto mmoja aliniuliza kama mimi ndiye padri mpya."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia padri mpya hataki makelele. Akanyamaza mpaka mwisho wa misa."

Ndipo nikaelewa habari yenyewe. Skauti wana beji ya dini, na kila mmoja anaitafuta kwa dini yake mwenyewe. Unajifunza dini yako, unaitumikia nyumba yako ya ibada kwa miezi, halafu mwisho unabuni kazi moja ya huduma na kuisimamia. Kundi la akina Shabani lina desturi yake juu ya hapo: katika kazi ya mwisho, wasaidizi wako lazima wawe wa dini nyingine. Na anayekupachika beji si kiongozi wa skauti. Ni shehe wako au padri wako, anakuja mwenyewe mbele ya kundi. Akisema bado, hupachikwi.

Leonsi alikuwa na yake tayari, ina msalaba mdogo, imekaa juu ya mfuko wa shati. Shabani ilikuwa bado. Kazi aliyobuni ni kulinda viatu vya Ijumaa, maana wanaochelewa huvua hadi barabarani, mikokoteni inavikanyaga, na vibaka wanajichagulia. Kupachikwa kulipangwa kesho yake, na wiki inayofuata Shabani alikuwa anakwenda Songea, shule ya bweni, kidato cha tano.

"Kwa hiyo ni leo au basi," Leonsi akasema.

Shabani alivuta ncha za skafu yake, kwanza hii, kisha ile.

Kabla ya adhana tulikuwa tumefika. Msikiti wenyewe uko uchochoroni, umebanwa kati ya maduka ya vyombo na maduka ya vitambaa, na siku ya Ijumaa wauzaji wote wa mtaa ule humiminika kwa mkupuo. Skauti wengine wanne walikuwa wanatusubiri, wote Wakristo. Tulitandaza turubai kando ya baraza, ili viatu vya wanaochelewa visikae barabarani. Shabani akawapanga, kisha akamgeukia rafiki yake.

"Kiatu hata kimoja kisiondoke mpaka swala iishe. Leonsi, wewe ndiye mkubwa hapa."

"Nenda kaswali, baba. Hapa chuma."

Shabani akavua viatu vyake, akatawadha, akaingia. Mimi ni mtoto wa kanisa, nikabaki nje na walinzi.

Hotuba ilianza, sauti ya shehe ikawa inatujia kwa kipaza sauti, taratibu, juu ya amana na anayekabidhiwa. Waliochelewa walikuja mbio, wanarusha kandambili huku na huku. Leonsi alivumilia kidogo. Halafu nikamwona anajikuna kichwa.

"Braza, hii si aibu? Dukani baba akikuta viatu vimekaa hivi, siku hiyo hatuli."

"Si amesema tulinde tu?"

"Kulinda na kupanga, kipi kikubwa?"

Akainama, akaanza kuvihamishia vyote kwenye turubai. Makubadhi upande huu, kandambili kule, raba katikati, viatu vyeusi vya ofisini mbele kabisa. Vidogo vikatangulia, vikubwa vikafuata, visigino ukutani, vidole barabarani. Wenzake wakaingia kazini, nami nikashika makubadhi. Tulipomaliza palipendeza kama dirisha la duka wakati wa Idd. Mpita njia mmoja alisimama akauliza bei.

Kulikuwa na jambo ambalo sisi wa nje hatukulijua, na kila aliyekuwa ndani alilijua. Mtu anayetoka msikitini hatafuti kiatu kwa macho. Miguu yake ndiyo inakumbuka: nguzo ya pili, karibu na pipa la maji, kushoto. Na Kariakoo nusu ya watu wanavaa kandambili za bluu za aina moja.

Shehe alipotoa salamu ya kumaliza, watu wakatoka kwa kasi, maana maduka yamefungwa na wateja wanasubiri. Wa kwanza akafika kwenye nguzo yake, akapeleka mguu chini bila kutazama, akakanyaga sakafu tupu. Wa pili vilevile. Nyuma yao watu wanasukuma. Kufumba na kufumbua baraza lote lilikuwa limejaa watu peku.

"Viatu vyangu niliviacha hapa!"

"Jamani, wametufungulia duka!"

"We kijana, hiki bei gani? Ni changu, lakini nitanunua, nina haraka!"

Wengine walicheka, wengi hawakucheka. Mzee mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe, Mzee Kombo, alipaza sauti juu ya wote: "Kazi ya msikiti mnawapa watoto wa kanisani, mnategemea nini?"

Leonsi alikuwa amesimama katikati ya safu zake, kiatu kimoja mkononi, rangi imemtoka. Hapo Shabani akatokea mlangoni, naye peku. Alitazama zile safu nzuri, akawatazama watu, akamtazama rafiki yake. Nilidhani atamfokea. Kumsema tu kungetosha. Kila mtu alikuwa anasubiri jina.

"Wazee wangu, samahani," akasema. "Kazi hii ni yangu. Nilimwambia alinde, sikumwambia asiguse. Yeye ni mgeni hapa, mimi siyo mgeni. Nilaumuni mimi."

"Lawama zinavaliwa mguuni?" Mzee Kombo akauliza.

"Hazivaliwi, mzee. Naomba mkae. Wa makubadhi kulia, wa kandambili kushoto, tuanze na wazee. Leonsi, viatu unavijua. Vitangaze."

Leonsi akainua makubadhi ya kwanza, na sauti ikamtoka ya chini, kisha ikapanda, mpaka ikawa ile ile ya dukani kwao: "Makubadhi ya kahawia, soli ngumu, kidole gumba kimeacha alama, mwenyewe ni mtu mzito! Ya nani?"

"Yangu, mshenzi wee!" mtu akaitikia, na baraza zima likaangua kicheko.

Mambo yakabadilika. Kila kiatu kilipoinuliwa watu walinyoosha shingo. Kandambili za bluu, zile zote za aina moja, Leonsi alizitofautisha bila shida: hii mkanda umeshikizwa na msumari, hii kisigino kimeliwa upande wa nje, hii ya kulia ni ya bluu na ya kushoto ni ya kijani. "Huyo ni mimi, na mke wangu anajua!" akasema muuza sufuria mmoja. Mtaa ukajuana viraka siku hiyo. Mzee Kombo alipewa vyake akaondoka bila neno, ila alimpiga Leonsi kofi jepesi la kisogoni, lile la mtu na mjukuu wake.

Hakikupotea kiatu. Lakini Shehe Bakari alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono nyuma. Shabani akamsogelea.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba. Umewachelewesha watu riziki zao."

"Ndiyo, shehe."

"Na kesho ndiyo mnataka nije?"

"Kama utaona inafaa."

Shehe alilitazama turubai lililobaki tupu. "Nitafikiri," akasema, akarudi ndani.

Alasiri Shabani alinichukua hadi kwao, maana nilikuwa nimemwambia sina pa kulala. Bibi yake, Bi Mwantumu, ana nyumba ya zamani mitaa ya Gerezani, vyumba vinatazamana, uani kuna mti mmoja mkongwe wa kivuli. Tulimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Waitwa nani?"

"Edwini."

"Unakoroma?"

"Sijawahi kujisikia."

"Hilo jibu la mkoromaji." Alinisogezea ungo. "Chumba kipo, ila leo sina akili ya kupangisha. Nimekwisha kusikia ya msikitini. Chambua mawe hapo mpaka nijue mjukuu wangu anakwenda Songea na nini kifuani."

Nikachambua. Baada ya muda Leonsi akaingia na mkungu wa ndizi kutoka kwa mama yake, macho mekundu.

"Ndizi tutapika," Bi Mwantumu akamwambia. "Kilio kirudishe kwenu."

"Bibi, kama Shabani hapachikwi kesho, mimi yangu naivua. Nimeshaamua."

"Acha ujinga," Shabani akasema kutoka kizingitini. "Ile uliipata kwa Mungu wako. Siyo ya kunibembelezea mimi."

Uani kukasikika tu mchele ukirushwa kwenye ungo na redio ya jirani. Jua lilikuwa limeshaanza kuacha ukuta wa mashariki tuliposikia mtu anabisha mlango wa mbele.

"Hodi hapa."

Alikuwa Shehe Bakari, peke yake. Bi Mwantumu alijitanda kanga vizuri, akamkaribisha kiti. Hakukaa. Akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa pindo la kanzu.

"Shabani," akasema, "hiyo beji yenu inapachikwa upande gani? Nisije kesho nikaadhirika mbele ya watoto."

Kabla Shabani hajajibu, Leonsi akapiga hatua mbele, akatoa kifua.

"Hapa, shehe."

Shehe akavaa miwani, akainama mpaka ndevu zake zikakaribia shati la yule kijana, akaichunguza ile beji yenye msalaba: pini yake inavyopita, kitambaa kinavyokunjwa kwa ndani ili isimchome mtu. Akaigeuza kwa ncha ya kidole, taratibu. "Alaa," akasema. "Kumbe inaanzia chini."

Nimepita miji mingi nikiuliza watu wanavyoabudu, na mara nyingi nimejibiwa kwa maneno mengi. Siku ile nilijifunza bila kuuliza.

Bi Mwantumu alifuta macho kwa kanga, akaniona namtazama, akanirushia ufunguo.

"Chumba cha mwisho kushoto," akasema. "Mlango unakwama, usukume kwa bega."

Nikausukuma kwa bega, nikaweka begi chini.