Mshenga wa Chupa

Hotelini pale, nyuma ya kituo cha mabasi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Mshenga. Kazi yake ilikuwa kuchagua mvinyo mwekundu wa bei nafuu, ule ambao mtu wa mshahara mdogo huagiza bila kumtazama mkewe kwanza, na kuutafutia chakula cha kwenda nacho. Kwake hiyo ilikuwa ndoa hasa. Mvinyo wenye ukakasi, unaokaza ulimi kama ndizi mbichi, aliuoza nyama ya mafuta. Ule mwepesi, mchachu kidogo, aliuoza mchuzi wa nyanya.

"Bei si ukoo," alikuwa akisema. "Binti wa maskini naye huolewa akatulia."

Mkewe ndiye aliyekuwa mpishi wa hapohapo. Mume akionja, mke humletea kipande cha kujaribia, na hapo ugomvi wao mtamu huanza.

"Mama watoto, maini yako yana chumvi, yatamwonea binti wa watu."

"Binti wa watu ndiye hakufundwa kwao!"

Jikoni wote hoi kwa kicheko.

Kisha yakamjia mafua, mafua yale ya kulaza mtu kitandani. Homa ilipoondoka iliondoka na pua yake, na ulimi ukaifuata pua. Hakumwambia mtu. Mke alijua asubuhi moja maziwa yalipoharibika: mume alikunywa kikombe kizima, akajifuta midomo, akashukuru. Mke akafunika kombe. Mume akificha aibu yake, wewe utaianika ili iweje?

Tangu siku ile, kila walipoonja, mke alikunywa wa kwanza, na mume akamsoma usoni. Nyusi zikipanda, mvinyo una ukakasi. Midomo ikilegea, mpole huo. Wakaenda hivyo, wala hawakulizungumza hata mara moja.

Sasa siku hiyo Tajiri, mama mwenye hoteli, alikuwa na wageni aliowaalika kumpokea bintiye aliyerudi safarini. Yeye mwenyewe hakuwa mnywaji. Akaita, "Mshenga, njoo unichagulie haraka!" Chupa mbili zilikuwa mezani, zimeshafunguliwa. Mke alikuwa jikoni anakata nyama, mikono imejaa damu. Alipokwisha kunawa na kutoka, mume alikuwa ameshainua glasi mbele ya watu.

"Huyu!" akasema kwa sauti yake ya zamani. "Ukakasi wake wa heshima. Namwoza nyama ya kuoka."

Mke akaonja. Siki tupu. Kizibo kilikuwa kimepitisha hewa, mvinyo umekufa zamani. Akaonja na ule wa pili; huo mzima.

"Mpishi, unasemaje?" Tajiri akauliza.

Akisema kweli, jina la mumewe limekwisha pale pale. Akinyamaza, wageni watatema. Akameza.

"Kapata mume," akasema. "Ila nyama inamtaka jikoni, si mezani. Nipeni chupa yote niilowekee. Wageni wapeni huyu wa pili."

Nyama ikalala ndani ya siki ile, ikaokwa, ikatoka laini ya kukatika kwa kijiko. Wageni wakasifu mpaka wakalamba vidole. Tajiri akampa Mshenga mkono. Mshenga aliupokea, lakini macho yake yalikuwa kwa mkewe. Miaka yote ile ya kubishana, mke hakuwahi kumwondolea chupa mezani. Kwa huruma hiyo ndipo alipojua amechagua vibaya.

Wageni walipoondoka alimfuata kwenye karo, akachukua kitambaa, akawa anakausha sahani.

"Nilisema namwoza," akasema. "Kumbe binti mwenyewe ameshaoza."

Ulikuwa mzaha mzuri kuliko yote aliyopata kuisema. Hakuna aliyecheka. Kesho yake alikwenda kwa Tajiri mwenyewe, akamweleza, akamwomba kazi amwachie mkewe.

Jumapili mke alipika nyama nyumbani, akammiminia glasi. Mume aliushika mvinyo mdomoni muda mrefu, macho kayafumba.

"Nisimulie," akasema.

"Una ukakasi."

"Wa ndizi mbichi?"

"Wa ndizi mbichi, baba."

"Na nyama?"

"Wamepatana."

Akaitikia kwa kichwa, akaiweka glasi chini ingali na nusu, akaanza kula.