Dereva wa Chingola aliyekwama katika chumba cha baridi

Saa moja na nusu asubuhi, Osée Kabange anavuta droo ya nne ya chumba cha maiti, anaweka kiganja juu ya kifua cha marehemu, kisha anatikisa kichwa. Ubaridi umepungua. Umeme umekatika tangu jana mchana, jenereta lina mafuta ya saa chache tu, na mtu aliyelala humo leo anatimiza siku ya ishirini na mbili.

"Leo njo mwisho," anasema. "Kama hapiti ku mupaka leo, tutamuzika huku."

Marehemu ni Chisanga Mulenga, dereva wa lori, miaka thelathini na nane, mkazi wa Chingola nchini Zambia. Alikuja Lubumbashi kupakia shaba upande wa Ruashi, akakaa siku tano kwenye foleni ya malori yanayoelekea mpakani. Baridi ya Juni huku Katanga haina mchezo. Usiku wa tano aliingiza jiko la mkaa ndani ya kabini, akafunga vioo, akalala. Hakuamka.

Tajiri wake alituma dereva mwingine, na kesho yake lori likavuka mpaka na mzigo wake wote, bila hata kipande kupungua. Aliyeubeba ndiye aliyebaki. Osée akilisimulia jambo hili, uso unamkunjika.

"Shaba iko na benyewe," anasema. "Huyu muntu iko na miye tu."

Osée ana miaka hamsini na mitatu. Babu yake aliletwa na reli kutoka Kabalo, kaskazini mwa Katanga, na baba yake alikuwa fundi wa mabehewa. Yeye naye aliitamani reli, lakini ujana wake ulikuta treni zimechoka, akaishia kwenye kazi ambayo hakuna aliyeigombea. Ameosha na kuvalisha maiti kwa miaka ishirini na minne. Mshahara wake wa mwezi unanunua magunia mawili ya unga wa mahindi kutoka Zambia. Mpaka ukifungwa, unanunua moja, na hapo nyumbani wanaanza kupima kwa kikombe.

Zamani madereva wa kigeni walioletwa kwake walikuwa wawili au watatu kwa mwaka. Mwaka jana walikuwa kumi na saba: Wazambia, Watanzania, Wazimbabwe. Dunia inataka shaba na kobalti, malori yameongezeka, na majirani wanashindana kujenga reli na barabara, kila mmoja akivutia mzigo upite kwake. Wakubwa wanakutana hotelini na kupiga picha. Kuhusu maiti, Osée hajasikia wakikubaliana lolote.

Na hapo ndipo Chisanga aliponasa. Hati za Kongo zimeandikwa Kifaransa. Ng'ambo wanazitaka kwa Kiingereza, zikiwa na mihuri. Cheti cha daktari, kinachothibitisha kwamba marehemu hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, kinadumu siku saba. Tafsiri na mihuri huchukua siku tisa. Zikikamilika, cheti kimekwisha, na mtu anarudi mwanzo. Chisanga amerudishwa mwanzo mara mbili.

Miaka minne iliyopita, mzunguko huu ulimchosha Osée hadi akatumia likizo yake kuvuka mpaka kwa nauli yake mwenyewe. Huko Chingola alimtafuta mtu mwenye kazi kama yake, akampata: bwana mmoja mpole aitwaye Chama. Walikula pamoja, wakapeana namba. Tangu hapo Osée humtumia picha za hati kwa simu, na Chama anaanza kuhangaikia tafsiri kabla wino haujakauka. Mara mbili za kwanza hata yeye hakuwahi; safari hii, bila yeye, cheti kingekwisha tena mezani.

"Siye babili njo mukataba," Osée anasema, akicheka kidogo. "Hakuna mukubwa alitutuma."

Saa nne kasoro, sanduku lenye bati la zinki liko tayari. Mjane, Mapalo Mwape, ambaye kwa wiki tatu ameshinda kwenye benchi la nje, anamwita Osée pembeni na kumuuliza kwa Kibemba kama amemvalisha soksi. Mume wake alikuwa mtu wa kuona baridi miguuni.

"Nimemvalisha jozi mbili, mama," Osée anamjibu kwa lugha hiyohiyo.

Gari linaondoka na sanduku pamoja na mjane. Mpaka uko karibu kilomita tisini, na cheti kinakwisha leo hii.

Saa tisa simu inalia. Ni Mapalo. Afisa anayepaswa kukagua lakiri ya sanduku hayupo. Ameitwa kupokea wageni waliokuja kutazama mahali patakapojengwa kituo cha pamoja cha nchi hizi mbili. Atarudi Jumatatu. Chama amesimama ng'ambo na gari tangu asubuhi, na kutoka pale alipo analiona sanduku.

Osée anapiga simu kwa kila mtu anayemjua. Wengine hawapokei, wengine wanampa pole. Saa kumi na moja Mapalo anapiga tena.

"Batata, nimechoka," anasema, akimwita baba kwa Kibemba. "Mzikeni huko. Watoto nitawaambia, sijui nitawaambia nini."

Kesho yake, Jumamosi, sanduku likiwa limerudishwa, Chisanga anazikwa katika makaburi ya Lubumbashi. Watu ni sita. Osée anashika simu juu ya shimo. Huko Chingola Chama ameshika yake mbele ya Mapalo na watoto wake watatu, hadi mtandao unapokatika.

Kuna jambo Osée hakumwambia mjane. Mwana wa kwanza wa Osée, David, miaka ishirini na sita, anaendesha lori la shaba kwenda Zambia tangu Februari. Baba alikataa, kijana akaenda.

Baada ya mazishi, Osée anarudi chumba cha maiti, anakaa kwenye benchi lililoachwa na Mapalo na kumwandikia Chama jina kamili la David, pamoja na kovu la kiwiko cha kushoto ambalo mtu anaweza kumtambua kwalo.

Chama anajibu baada ya dakika chache. Naye ametuma jina la mwanawe, dereva vilevile, ambaye kila wiki anapita Lubumbashi. Amesema kijana huyo ana pengo la jino la mbele.

Osée anausoma ujumbe ule mara mbili, kisha anaitia simu mfukoni.

"Nataka siku moja nimuone huyu mutoto, tukule naye bukari ya unga wa mahindi ku nyumba," anasema, akiutazama mlango wa chumba cha maiti. "Hapa, hapana."