Picha ya Sauti ya Claudine

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1990, patron, yaani bosi wangu, alinifungia katika chumba cha giza akaniuliza, "Unasikia harufu gani?"

"Siki," nikajibu.

"Vizuri. Humu ndani pua ndiyo jicho."

Nilikuwa msichana niliyekuja kufagia tu. Shule niliiacha darasa la tatu, na saa ya ukutani sikuijua vizuri.

Studio yake ya picha ilikuwa juu kidogo ya stendi ya mabasi ya Nyabugogo. Nyinyi mnaopiga picha kwa simu, sikilizeni. Karatasi iliyopigwa mwanga ilipita katika mabeseni matatu: dawa ya kwanza inaiamsha picha, ya pili, ile yenye siki, inaisimamisha, ya tatu inaishika isifutike. Muda wa beseni la kwanza niliupima kwa Salamu Maria. "Sita, usizidishe," patron alisema. "Ukimsumbua sana Bikira, mteja anatoka mweusi kama sufuria."

Sheria yake nyingine: picha ya ukumbusho ni ya maisha yote, kwa hiyo mwenye nguo iliyokunjamana anarudi nyumbani kupiga pasi. Sheria hiyo niliilinda mimi, mlangoni. Niliipenda.

Jumapili baada ya misa alipiga picha zake mwenyewe. Hakupiga vitu, alipiga harufu na sauti. Siku moja alimwaga punje za kahawa zilizotoka kukaangwa juu ya karatasi ya picha, akawasha taa kidogo, yakabaki madoa meupe yenye ukungu pembeni.

"Inanukia?"

"Inanukia hasara, patron."

Akacheka mpaka akakohoa. Wakati huo vita vilikuwa kaskazini, na karatasi ilikuwa shida kupatikana.

Mwaka 1993 alimwita Claudine, binti wa jirani yetu, wa miaka minane, mwimbaji wa kwaya. Alimsimamisha mbele ya pazia jeusi, akamwambia aimbe. Sauti ikipanda, patron anainua kamera yenye lenzi iliyoachwa wazi, ikishuka, anaishusha. Ikatoka mistari myeupe kama moshi.

"Yewe patron, mwanangu iko wapi hapa?" mama yake akauliza. "Umepika mbichi, haijaiva!"

"Hiyo ni sauti yake, mama. Akipata komunyo ya kwanza, nitampiga picha ya uso. Bure."

Jumapili ya Pasaka 1994 Mama Claudine alimleta akiwa na gauni jeupe la komunyo. Walitoka kanisani wamebanana na watu, gauni limejikunja kiunoni. Patron alikuwa ndani akichanganya dawa. Mlangoni nilikuwa mimi.

"Gauni hili halipigwi picha," nikasema.

"Iko mikunjo kidogo tu, mama. Mpige hivyo hivyo," Mama Claudine akasema.

"Kapige pasi. Mrudi Alhamisi."

Claudine akaniuliza kama mpaka Alhamisi anaruhusiwa kulivaa. Nikamwambia alivae, ila asilikalie.

Jumatano usiku ndege ya rais ilidunguliwa, na Alhamisi hiyo hakuna aliyekwenda studio. Lililotokea mnalijua, mimi sina maneno yake. Claudine aliuawa. Patron aliuawa.

Nilirudi mwezi wa nane. Mlango haukuwepo, filamu za wateja zilikuwa zimekanyagwa kwenye matope. Nyuma ya beseni nikakuta picha chache za patron, zile ambazo hakuna mtu aliyezitaka hata kuziiba.

Mama Claudine alinikuta nikifagia. Nyumba yake ilikuwa imechomwa, na kila picha iliyokuwamo.

"Nipe chochote chenye uso wake," alisema.

Nikamtolea ile ya mistari, maana sikuwa na nyingine. Siku hiyo ndipo nilipoielewa. Nilimwonyesha kwa kidole: hapa anapanda, hapa anavuta pumzi, hapa anasita kwa sababu patron alimchekesha. Mama yule aliitazama muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Sauti bado ninayo, mama. Uso ndio unaanza kunikimbia."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Niliendelea na kazi ya picha miaka mingi, sasa kamera nikiishika mwenyewe, chini ya mapatron wengine wawili, mpaka macho yakakataa. Niliwapokea wenye mikunjo, wenye matope, waliotoka kulia. Wenzangu walisema nimelegea, kazi haina heshima tena. Wote niliowapiga walipata nyuso zao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Claudine.