Mahubiri kwa Migomba

Wasikilizaji wangu wa kwanza walikuwa migomba ya baba, kule Mwika. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni Uganda, enzi za Mwingereza, na mchungaji alikuwa ametuagiza vijana wa usharika kila mmoja ampelekee neno ndugu yake kabla ya Krismasi. Nilimchagua bibi, mama yake baba, ambaye hakuwa amebatizwa. Alikuwa amezeeka, nami niliogopa asije akafa kabla hajasikia habari hiyo kutoka kwangu. Kicheko chake nilikiogopa zaidi.

Kwa hiyo kila asubuhi kwa juma zima, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye mfereji, nilisimama shambani nikahubiri. Majani yalitikisa vichwa kukubali. Maji yalinong'ona miguuni pangu, mlima ukachungulia na kujifunika tena, na katika weupe ule nilijiona nabii. Hakuna mgomba ulioniuliza swali.

Siku ya mwisho nilimwendea bibi, nikamkuta amekaa mlangoni pa nyumba yake ya nyasi, nyuma tu ya migomba ileile, akimkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, msomi wangu. Nichotee mbege kwanza, magoti hayataki."

Mbege, pombe yetu ya ndizi, wakati ule kanisa letu lilikuwa halijaamua kama ni dhambi au chakula. Nilichota kata moja, nikampa kwa mikono miwili, na papo hapo nikaanza: asili ya dhambi, maana ya neema, na vipengele vingine vya chuoni ambavyo migomba ilivipenda sana.

Bibi hakunywa. Aliishika kata, akaniangalia.

"Mjukuu wangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, bibi."

"Basi mbona unataka kuniua?"

Ndipo nilipokumbuka. Kwetu anayekupa kata huonja kwanza, mbele ya macho yako, ujue hamna sumu. Hata mtoto anajua. Mimi nilikuwa nimeisahau desturi hiyo kwa sababu ya neema.

Alicheka hadi ng'ombe akageuka. Niliichukua kata, nikanywa, na nilipoinua uso sikuona hata kipengele kimoja. Vyote vilikuwa vimeondoka na ukungu.

"Haya, endelea," akasema. "Ulikuwa kwenye dhambi."

Nilikuwa nimebaki na jambo moja tu, ambalo sikuwahi kuiambia hata migomba. Nikamwambia kwamba kule chuoni niliugua homa, wenzangu wakaenda darasani, nami nikabaki bwenini nikilia kama mtoto. Nikamwita Yesu, bila maneno ya maana. Homa haikupungua. Lakini kuanzia pale hadi wenzangu waliporudi, sikuwa peke yangu.

Bibi alinywa taratibu.

"Huyo aliyekaa nawe, alisema maneno mengi kama wewe?"

"Hakusema kitu."

"Alikaa tu?"

"Alikaa tu."

Alifuta povu mdomoni, akatazama juu, mahali ambapo mlima ungekuwa kama mawingu yangeuruhusu. Moshi wa jikoni ulipita katikati yetu ukapotea migombani. Nikiukumbuka mchana ule bado unanijia polepole, kama kitu kinachoelea.

"Kesho uje tena," akasema hatimaye, akinirudishia kata tupu. "Unisimulie ile ya homa. Ile nyingine waachie migomba. Nilikuwa nawasikieni kila asubuhi."