Kaptura niliyoshonewa Ifakara miaka ya hamsini, na safari ya baiskeli hadi Malinyi

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili. Wengine wote marahaba, maana nadhani humu wanaonizidi umri hawafiki wawili.

Nimesoma uzi wa vijana wanaoulizana bukta gani inafaa kwa safari ndefu za baiskeli. Mmoja anasema nunua yenye sponji nene. Mwingine anasema vaa mbili kwa pamoja.

Mbili! Nimecheka mpaka miwani ikadondoka. Nikasema hapana, hili lazima lipate uzi wake.

Hii siyo chai ya kutunga. Yalinipata mimi, kwenye mwili wangu, bonde la Kilombero, miaka ya hamsini. Picha sina, kamera ningeitoa wapi? Natype kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kumaliza mafunzo ya ukunga hospitali ya misheni, Ifakara. Wakunga tulikuwa wachache, vijiji vingi. Mkubwa wetu, sista mmoja wa Kizungu mwenye sauti ya kuamrisha hata akikusalimia, akaamua mmoja wetu apewe baiskeli, awafuate wajawazito huko huko waliko.

Akauliza, "Nani anajua kuendesha?"

Nikanyoosha mkono.

Nilikuwa najua? Nilijifunza kwa kuinyemelea baiskeli ya kaka yangu akiwa shambani. Kwenda mbele nilijua. Kusimama ndiyo ilikuwa bado.

Basi nikapewa. Jamani! Nyeusi, inang'aa, ina kengele ambayo ukiipiga kuku wa mtaa mzima wanapisha. Siku ile niliifuta mara tatu na wala haikuwa na vumbi.

Shida ni kwamba ilikuwa ya kiume, ile yenye bomba la juu. Na mimi nilivaa gauni jeupe la kazi, refu. Ukitaka kupanda lazima ulipandishe gauni, na ukilipandisha kijiji kizima kinakuona mapaja. Nikaazima kaptura ya khaki ya kaka nikaivaa ndani ya gauni. Nikajiona mjanja kweli.

Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Kaptura za khaki za enzi hizo, kwa msiozijua, zilipigwa wanga mpaka zikasimama zenyewe. Pale katikati, mishono minne inapokutana, kulikuwa na fundo gumu kama kokoto. Ukitembea hulisikii kabisa. Sasa kaa kwenye siti ya ngozi, kanyaga pedeli kutoka Ifakara mpaka Namawala, barabara yenyewe makorongo matupu. Utalisikia.

Wiki ya kwanza nilirudi nimechubuka mapaja. Nikajaribu kuvaa nguo za ndani mbili chini ya kaptura (ndiyo, kama yule kijana anavyoshauri). Kumbe nimejiongezea mapindo manne ya kunikata. Nikajaribu kuweka pamba ya hospitali. Nafika Namawala, pamba imeshateremka mpaka gotini, nashuka kwenye baiskeli nina uvimbe mguuni, akina mama wananipa pole.

Kumwambia nani? Nilikuwa binti, na mahali penyewe panapouma hapatajiki.

Wakati huo huo Sista akatangaza kwamba mwisho wa mwezi nitafanya mzunguko mrefu, Ifakara, Lupiro, mpaka Malinyi. Nitafuatana na dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitalini tuliyemwita kaka Kalisti, na yeye ndiye ataandika ripoti. Nikishindwa, baiskeli anapewa mwanaume.

Nilitaka ile baiskeli kuliko kitu chochote duniani, wakuu. Sitanii.

Siku moja nikarudi nyumbani kutoka Namawala natembea miguu imeachana kama bata. Gauni nyuma lina doa la damu. Mama akaniona tangu nikiwa uani.  Akanishika mkono, akaniingiza chumbani, akafunga mlango na kuketi kitandani.

"Filomena. Mimi ni mama yako. Niambie ukweli tu. Ilikuwa ya nani?"

"Nini, mama?"

"Hiyo mimba iliyotoka."

Nilitaka kufa. Nikaapa, nikalia, hakuamini. Mwisho nikapandisha gauni, nikavua kaptura ya kaka, nikamwonyesha. Mapaja yote mawili mabichi kama nyama ya buchani.

Mama akaangalia. Akaangalia tena. Kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikapiga kelele, maana alikuwa ameligusa donda.

"Baiskeli tu? Mwanangu, ni baiskeli tu?"

Nikamwambia kuhusu safari ya Malinyi na ripoti. Akasema kesho twende kwa fundi.

Baba alikuwa katekista, mtu wa msimamo. Aliposikia binti yake anashonewa kaptura akaweka kijiko chini.

"Haiwezekani. Mwanamke na kaptura?"

"Itakuwa ndani ya gauni," mama akamjibu. "Nani ataiona?"

"Mungu ataiona."

"Mungu vidonda ameshaviona, Baba Filomena. Kula."

Akala.

Fundi Mfaume alikuwa na cherehani yake barazani karibu na soko. Mzee mpole, mwembamba, na katika ujana wake aliwahi kuchuuza vitambaa kwa baiskeli vijiji vyote vya bondeni. Mama alipomweleza, hakucheka hata kidogo. Akauliza kama daktari.

"Binti, unaumia mbele, nyuma, au mapajani?"

Barazani kulikuwa na wateja watano, wote wanaume. Nikaangalia chini. Fundi akaelewa, akamwita mkewe, Mama Zuhura, anipeleke ndani. Nikafurahi. Kumbe nimefurahi mapema. Mama Zuhura alinikagua nyuma ya pazia, kisha akapaza sauti:

"Mapajani! Pande zote mbili! Na nyuma kidogo!"

Soko zima la Ifakara lilipata habari.

Lakini wakuu, yule mzee alijua kazi. Aliishika kaptura ya kaka, akaipindua ndani nje, akaweka kidole kwenye lile fundo. "Watu wote wanailaumu siti," akasema. "Siti haina kosa. Anayekutafuna ni huyu hapa, mshono."

Akafanya hivi. Badala ya kukutanisha mishono yote chini, akakata kipande chenye pembe nne, kama kishada cha kurusha, akakiweka pale pale unapokalia. Mishono ikasogea mbele na nyuma, mbali na siti. Chini ukabaki uwanja mtupu wa kitambaa.

Kitambaa chenyewe khaki aliikataa. Nje akaweka kaniki, ile pamba nyeusi. Ndani mama akatoa shuka letu kuukuu la marekani, pamba nyeupe, lililofuliwa miaka mpaka likawa laini kama shavu la mtoto. Miguu akaishusha ikomee juu kidogo ya goti, yenye kubana kiasi, kwa sababu, alisema, kaptura fupi na pana hupanda juu na kukuacha nyama kwa ngozi ya siti. Kiunoni hakuweka mkanda wala kifungo, ila kamba ya kufunga.

Sasa hili lifuatalo ndilo vijana wa dukani hawalijui. Ilipokuwa tayari nikaivaa, nikasimama mbele ya Mama Zuhura, ikanikaa vizuri sana. Nikasema asante, nimeridhika.

Fundi akauliza kutoka nje ya pazia, "Umekaa?"

"Nimesimama, baba."

"Nguo ya baiskeli haipimwi mtu amesimama. Nani anaendesha amesimama?"

Akaingiza baiskeli yake mwenyewe mpaka uani, Mama Zuhura na mama wakaishikilia huku na huku, nikapanda, nikakanyaga pedeli kinyumenyume. Dakika moja tu nikasikia inanivuta kinenani. Nikaivua, fundi akaifumua, akaongeza upana wa vidole viwili. Nikapanda tena. Kimya! Hakuna kinachovuta, hakuna kinachochoma. Nilihisi nimekaa juu ya mkate.

Akatoa na sharti la mwisho. "Ndani usivae kitu kingine."

Mama akashtuka. "Kitu chochote?"

"Chochote, mama. Kila pindo utakaloongeza ni kisu. Na aifue kila siku, aianike juani."

Akanishonea mbili ili moja ikiwa kambani nyingine iko njiani.

Vidonda vikapona, siku ya safari ikafika. Kaka Kalisti alikuja amependeza kweli. Kaptura ya khaki yenye wanga, mstari wa pasi mkali, soksi mpaka gotini. Alikuwa mtu mzuri, mpole, ila alikuwa na huruma ile ya kuudhi.

"Dada Filomena, ukichoka sema tu. Hakuna aibu."

"Asante, kaka."

Tulivuka mto kwa mtumbwi, baiskeli zimelazwa katikati, tukafika Lupiro bila neno. Kesho yake asubuhi na mapema tukaanza ile ndefu, kwenda Malinyi.

Mwanzo yeye mbele, mimi nyuma. Baada ya muda akasimama kukagua tairi. Tukaenda. Akasimama tena, safari hii mnyororo. Tukaenda. Akawa anaendesha amesimama juu ya pedeli, hakai. Baadaye akashuka kabisa, akaanza kusukuma, akisema anapenda kunyoosha miguu.

Nikaiangalia hiyo miguu. Ilikuwa imeachana. Bata mtupu.

"Kaka Kalisti," nikamuuliza, "ni mapajani au nyuma?"

Akajifuta jasho. Kisha heshima yote ikamshuka.

"Pote."

Nikampa kopo la vaselini kutoka kwenye mkoba wangu wa kazi, nikamgeuzia mgongo ajipake. Haikusaidia sana, lile kokoto lilikuwa bado lipo. Akajaribu kupanda, akashuka hapo hapo huku ameuma meno.

"Tangulia," akasema. "Akina mama wanasubiri tangu asubuhi. Mimi nitafika."

Wakuu, nikatangulia.

Nitaielezaje? Kiangazi, mpunga umeshavunwa, mbuga imefunguka mpaka macho yanachoka. Sheshe, wale swala wa bondeni, wanaacha kula majani na kunishangaa. Upepo unajaa kwenye gauni. Mimi peke yangu, na hakuna hata sehemu moja ya mwili wangu iliyokuwa inauma! Nilipiga kengele wakati hakuna hata mtu wa kumpisha. Niliimba nyimbo za kanisani kwa mwendo ambao baba asingeukubali.

Nilipofika Malinyi wanawake walisimama. Mmoja, mwenye mimba kubwa, akauliza, "Mkunga yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Umeletwa na nani?"

"Nimejileta."

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavipata tena, hata siku ya harusi yangu. Nikanawa mikono, nikaanza kazi. Niliwapima wote, mpaka wa mwisho, ndipo kaka Kalisti akatokea anasukuma baiskeli. Alikaribishwa kiti. Akakikataa. Ripoti yake aliiandika amesimama, karatasi kaiweka juu ya dirisha.

Hapo nikaogopa. Nilikuwa nimemwona katika hali ambayo mwanaume hapendi kuonwa na msichana. Angeweza kuandika lolote, kwamba nilimwacha porini, kwamba sina nidhamu. Nani angenisikiliza? Nikamwomba nione alichoandika. Akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Utaisikia kwa Sista."

Yeye alirudi juu ya lori la mpunga. Mimi nilirudi kwa baiskeli, na njia nzima nilikuwa naiaga.

Ofisini Sista alituita wote wawili. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Maneno yale nayakumbuka mpaka leo:

"Mkunga Filomena alifika Malinyi mapema, akawapima wajawazito wote kabla mimi sijafika. Mimi nilitembea kwa miguu. Tofauti yetu si nguvu, ni mavazi. Naomba abaki na baiskeli."

Nikamwangalia kaka Kalisti. Alikuwa anaangalia ukuta.

Sista akashusha miwani. "Mavazi gani?"

 Kaka Kalisti akaomba ruhusa ya kutoka, akatoka mbio kadiri hali yake ilivyomruhusu. Nikabaki na Sista. Nikapandisha pindo la gauni, nikamwonyesha kaptura, kaniki nje, marekani ndani, kipande cha fundi Mfaume. Alikishika kitambaa kwa vidole, akatafuta mshono, akaukosa.

 Kisha akaenda kufunga mlango, akarudi, na kwa mara ya kwanza nikasikia ile sauti ikiwa ndogo.

"Huyo fundi," akaniuliza, "anaweza kushona na saizi yangu?"

Ndugu zangu, niliendesha ile baiskeli miaka mingi. Kaka Kalisti alikwenda kwa fundi Mfaume wiki ile ile, akashonewa zake tatu.

Kwa hiyo kijana unayeuliza bukta gani ununue, usidanganywe na unene wa sponji. Ipindue ndani nje, tafuta mishono inakutana wapi. Iwe na miguu mirefu ya kutosha isipande. Ndani usivae kitu. Na ukiwa dukani omba baiskeli, upande, ukanyage. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Na ukiumia, sema mapema, usione haya kama mimi. Nilipoteza ngozi ya mwezi mzima kwa kunyamaza.

Nimemaliza, kidole kimechoka. Haya, nanyi semeni: baiskeli ilikuchubua wapi, na nani alikuokoa? Wenye aibu mnaweza kuandika "pote" tu, nitaelewa.